Daftari la Salamu na Mgongo wa Bi. Mwasiti

Si zamani za kale wala si jana. Tuseme ni wakati ule ambao kila mtu anaukumbuka vizuri, lakini akiulizwa na askari atasema alikuwa safarini. Palikuwa na nchi. Jina lake silitaji, si kwa woga, bali kwa sababu lilikuwa bado liko kwenye kamati. Kamati ilikuwa imekaa miaka kumi na minane, na tayari ilikuwa imeafikiana juu ya herufi ya kwanza.

Nchi hiyo ilikuwa na afya kuliko nchi zote duniani. Kila mwaka Idara ya Takwimu ilitangaza kwamba wananchi wasio na tatizo lolote walikuwa asilimia tisini na tisa nukta tisa. Ile nukta moja iliyobaki ilikuwa ya marehemu, ambao waliulizwa na hawakujibu.

Siri ya afya hiyo ilikuwa sheria. Waziri wa kwanza wa Afya alipoingia ofisini aliomba aonyeshwe vipimo vyote vya wizara. Akaletewa kipimajoto cha kupima joto, mzani wa kupima uzito na utepe wa kupima kimo. Akauliza kipimo cha maumivu kiko wapi. Wataalamu wakatazamana, kisha mmoja akasema kwamba kipimo hicho hakijatengenezwa popote, mtu huulizwa tu. "Basi aulizwe," akasema Waziri, na kwa kuwa alikuwa anachelewa kwenda kuzindua choo cha soko, maneno hayo yakaingia kwenye sheria kama yalivyo. Mgonjwa ataulizwa hali yake, na jibu lake la kwanza ndilo litakalokuwa ushahidi, kwa sababu neno la kwanza bado halijachafuliwa na mawazo.

Ndivyo lilivyozaliwa Dirisha la Salamu. Kila aliyefika Hospitali Kuu alipita hapo kwanza. Nyuma ya dirisha alisimama karani, mbele yake daftari kubwa kama mlango wa kabati, na kwenye daftari safu tatu zilizochorwa kwa wino mwekundu: Nzuri; Nzuri Sana; Nzuri, Tunamshukuru Mungu. Karani aliuliza, "Habari za asubuhi?" na kuandika alichosikia.

Sasa, watu wa nchi ile walikuwa watu waliolelewa, na mtu aliyelelewa akiulizwa habari hujibu nzuri. Nyumba yake ikiungua atajibu nzuri kwanza, kisha ndipo aombe ndoo. Mfiwa atajibu nzuri, huku kitambaa kimelowa. Kuanza na ubaya mbele ya mtu aliyekusalimu ni sawa na kumpokea mgeni kwa kumtupia kiatu. Kwa hiyo walijibu nzuri, wote, wenye pumu na wenye vidonda, na karani akagonga muhuri. Waliyoyasema baada ya muhuri yalihesabiwa kuwa mazungumzo binafsi.

Kutoka hapo kila mmoja alikwenda kwa daktari akiwa na karatasi iliyoandikwa HAJAMBO. Daktari aliruhusiwa kutibu alichokiona kwa macho: damu, joto, upele, mfupa uliotokeza nje kupunga hewa. Asichokiona aliruhusiwa kukitakia heri.

*

Bi. Mwasiti Kandoro alikuwa fundi wa magodoro ya sufi katika mtaa wa Kisimani. Magodoro yake yalisifiwa hadi mikoani. Watu walisema ukilalia godoro la Mwasiti hata deni la mkweo unalisahau. Mwenyewe alikuwa hajalala kitandani kwa miaka tisa.

Ilianza siku aliyoteleza kwenye ngazi ya mteja, godoro la futi tano likiwa kichwani. Alianguka kwa kukaa. Wakamkanda, akalala wiki sita, uvimbe ukaisha, picha ya mifupa ikapigwa na ikaonekana safi kama sahani ya harusini. Kila kitu kilipona isipokuwa maumivu. Hayo yalibaki kiunoni, yakashuka mguu wa kushoto, yakawa kama kaa la moto lililosahauliwa ndani ya mfupa. Akilala chali yanaamka. Akilala ubavu yanamgeuza. Akajifunza kulala ameketi kwenye kiti cha mbao, kichwa kimeegemea ukuta, na ukutani pakawa na alama nyeusi ya mafuta ya nazi pale kichwa chake kilipokaa miaka yote hiyo. Hakutaka mengi. Alitaka kulala chini usiku mmoja mzima, juu ya godoro alilolishona mwenyewe.

Alikuwa amefika Dirisha la Salamu mara arubaini na moja. Na mara zote arubaini na moja karani, Bwana Chande, mtu mpole mwenye koti la kijivu na miaka thelathini na mmoja dirishani, alimwuliza habari za asubuhi. Mara zote arubaini na moja mdomo wa Bi. Mwasiti, uliofunzwa na mama yake kwa kofi na kwa haluwa, ulijibu kabla yeye mwenyewe hajafika: "Nzuri, baba."

Tap, muhuri.

Majirani nao walimsaidia kwa njia za majirani. Mmoja alimwambia ni uzee. Mwingine alimwambia ni baridi ya sakafu. Shemeji yake alimwambia amezoea kuumwa, naye akajibu kwamba hata mfungwa huzoea gereza lakini akifunguliwa mlango hutoka.

*

Ndipo akafika Daktari Lukindo. Alikuwa kijana mwembamba aliyerudi masomoni karibuni, bado ana tabia ya kumsikiliza mgonjwa hadi mwisho, tabia ambayo wakubwa wake waliamini ingemwisha baada ya miezi mitatu. Akaisoma karatasi ya HAJAMBO, akamtazama mama aliyeingia ameshika ukuta, akaiweka karatasi kifudifudi.

Alimpigia Bi. Mwasiti shikamoo, akamwacha akae anavyoweza, akamwuliza maumivu yanakaa wapi, yanaamka saa ngapi, yamemnyima nini. Hakuna aliyewahi kumwuliza yamemnyima nini. Bi. Mwasiti alisimulia saa nzima, na alipofika kwenye alama ya mafuta ukutani akaomba radhi kwa kusema mengi.

"Mama," akasema Daktari Lukindo, "maumivu ni mjumbe. Kazi yake ni kuja kukwambia mwili umeumia. Wako alileta barua, ukaisoma, jeraha likapona. Lakini mjumbe hakuondoka. Sasa ana miaka tisa anagonga mlango uleule na barua ileile."

"Kwa hiyo mimi siumwi? Najitungia?"

"Unaumwa, mama. Ugonjwa ni huyo mjumbe mwenyewe. Ana dawa zake, ana mazoezi yake, na tumesomea namna ya kumpunguza."

Bi. Mwasiti alilia, si kwa maumivu, ambayo alikwisha kuyajua, bali kwa kuambiwa kwamba yapo.

Tatizo lilikuwa ufunguo. Mwisho wa ukumbi palikuwa na chumba kilichoandikwa KLINIKI YA MAUMIVU YA KUDUMU. Ukichungulia dirishani uliona kabati la dawa, kitanda cha mazoezi, hata kalenda. Kililetwa na wafadhili, kikazinduliwa kwa ngoma, kikafungwa kwa kufuli. Sheria ilisema kitafunguliwa akipatikana mgonjwa wa kwanza, na mgonjwa maana yake ni mtu aliyeandikwa katika Daftari la Salamu kwamba hali yake si nzuri. Tangu daftari lifunguliwe hakuwahi kupatikana hata mmoja.

"Kwa hiyo," akasema Bi. Mwasiti polepole, "natakiwa niseme mbaya."

"Neno la kwanza, mama. Kabla ya muhuri."

*

Mtaani alikuwa na shoga yake, Bi. Kidawa, muuza vitumbua, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mafuta ya karai lake. Bi. Mwasiti akamwomba amfundishe utovu wa adabu. Bi. Kidawa alisema amekuja mahali penyewe.

Walianza asubuhi, Bi. Kidawa amekaa nyuma ya karai kama karani.

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri."

"Mwasiti."

"Nisamehe, shoga. Uliza tena."

"Habari za asubuhi?"

"Nzuri tu."

"Sasa hiyo 'tu' ndiyo umeniongezea kama nyongeza ya kitumbua?"

Waliendelea hadi unga ukaisha. Mara moja Bi. Mwasiti alifika kwenye "mb", akahisi kama anavua nguo hadharani, akamalizia kwa kikohozi. Bi. Kidawa alimwambia kwamba yeye ni sawa na kuku anayemwuliza mchinjaji kama kisu hakijamchosha mkono. Akamwambia afikirie kile kiti cha mbao, afikirie ile alama ukutani, na magodoro yote aliyoyashona ambayo sasa hivi watu wazima wanayalalia mchana kweupe, tena wanakoroma.

"Habari za asubuhi?"

"Mbaya," akasema Bi. Mwasiti, akajiziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Hakuna kilichotokea. Jua halikuanguka. Paka wa jirani aliendelea kujilamba. Bi. Kidawa akampa kitumbua cha mwisho.

*

Alipofika mara ya arubaini na mbili foleni ilikuwa ndefu. Bwana Chande alikuwa amesimama kama kawaida, mkono wa kushoto ukiandika, wa kulia umeshika ukingo wa meza. Bango juu ya kichwa chake lilisema: USIMSALIMIE KARANI, ANASALIMIA YEYE.

"Habari za asubuhi, mama?"

Bi. Mwasiti alivuta pumzi. "Mbaya."

Mzee mmoja alimfunika mjukuu wake masikio. Bwana Chande alilitazama daftari, safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, akarudi ya kwanza. Alitazama chini ya ukurasa kama mtu anayetafuta sarafu iliyodondoka.

"Mama, labda hukunisikia. Nimeuliza habari za asubuhi."

"Nimekusikia, mwanangu. Ni mbaya."

"Sina pa kuiandika," akasema Bwana Chande, na sauti yake ilikuwa ya huzuni ya kweli, maana alikuwa mtu wa haki.

Akaitwa Mkuu wa Kitengo cha Salamu. Naye akamwita Mwanasheria wa Hospitali. Wakajadiliana kwa kunong'ona, wakafikia uamuzi ambao hata mimi naona ulikuwa na mantiki. Raia yeyote wa nchi hii hujibu nzuri. Mama huyu hakujibu nzuri. Kwa hiyo mama huyu si raia. Wakampeleka Idara ya Uraia kwa gari la wagonjwa, alilolipanda kwa mara ya kwanza maishani, na lilipopita kwenye matuta mgongo wake uliwasilisha barua yake yote.

Idara ya Uraia alikuwapo Afande Mkwizu, mwenye masharubu yaliyochanwa na faili jipya. Alimweleza Bi. Mwasiti kwamba hakuna haja ya cheti cha kuzaliwa wala mashahidi, maana vyote vinaghushiwa. Jambo lisiloghushika ni malezi. Atasalimiwa mara moja, atajibu, na jibu litaamua.

Bi. Mwasiti akamwomba amfafanulie. Afande akafafanua kwa subira. Akijibu nzuri, yeye ni raia, na kwa kuwa ni raia mwenye hali nzuri hahitaji matibabu. Akijibu mbaya, ni mgonjwa kabisa, pole sana, lakini ni mgeni, na hospitali za taifa hazitibu wageni.

"Habari za mchana?" akauliza Afande, kalamu tayari.

Bi. Mwasiti hakujibu. Alikaa kwenye benchi, akahamisha uzito kutoka paja hili kwenda lile, akanyamaza. Afande alisubiri. Akala chakula chake cha mchana, akarudi, akamkuta amenyamaza vilevile. Alifungua sheria, akaipekua mbele na nyuma. Sheria ilijua la kufanya na mtu mwema, mtu mbaya, mtu mwongo, na hata marehemu. Haikujua la kufanya na mwanamke aliyenyamaza kwa saa tatu huku macho yake yanakutazama.

Saa kumi jioni faili likapandishwa kwa Waziri.

*

Waziri wa Afya wa wakati huo alikuwa Mheshimiwa Gambalela. Alikuwa mtu mnene wa maneno, na aliunda mara moja Kamati ya Taifa ya Kutafakari Maumivu, yenye wajumbe tisa, akiwa yeye mwenyewe mwenyekiti. Bi. Mwasiti aliitwa mbele yake pamoja na Daktari Lukindo. Wakapewa viti, na Bi. Mwasiti akaomba chake kiondolewe matakia.

Mheshimiwa alifungua kikao kwa hotuba fupi ya dakika hamsini.

"Taifa," alisema, "halijengwi na migongo inayolalamika. Linajengwa na migongo iliyonyamaza. Babu zetu walibeba, bibi zetu walibeba, na hakuna aliyewahi kusikia mgongo wa babu ukiongea. Leo tunaletewa maumivu kutoka masomoni, maumivu yasiyo na damu, maumivu yasiyo na bandeji. Mimi nauliza, na historia inauliza pamoja nami: yako wapi?"

Wajumbe walipiga meza. Kisha wakaanza kazi. Mjumbe wa kwanza alitaka maumivu yenyewe yaletwe mezani kama kielelezo, yapewe namba. Daktari Lukindo alieleza kwamba hayatoki. Mjumbe wa pili akaomba iandikwe kwamba kielelezo kimekaidi wito wa kamati. Daktari alieleza habari ya mjumbe na barua, jinsi maumivu yanavyoweza kubaki baada ya jeraha kwenda. Mjumbe wa tatu, aliyekuwa akisinzia, alisikia neno miaka tisa akazinduka. Alikumbusha kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu hupewa jembe. Ikapitishwa kwa kauli moja kwamba Wizara ya Kilimo iandikiwe barua ilete jembe.

Daktari alifunga faili lake. Alikuwa amekuja na kurasa sitini za utafiti, na zilikuwa zimebaki hamsini na tisa. Alimgeukia Bi. Mwasiti kama mtu anayeomba msamaha.

Lazima niseme kitu juu ya siasa za nchi ile ndipo mfahamu kilichofuata. Huko hakuna aliyeweza kugombea kiti bila kwanza kuapa kwamba ana uchungu na nchi. Fomu ya uchaguzi, swali la kwanza kabisa, iliuliza: Je, una uchungu na nchi hii? Tangu lini? Mheshimiwa Gambalela alikuwa maarufu kwa uchungu wake. Aliutaja kila mkutano, na msaidizi wake alibeba leso nyeupe kwa kazi hiyo tu.

"Mheshimiwa," akasema Bi. Mwasiti, "naomba kuuliza."

"Uliza, mama yangu. Mimi ni mtumishi wako."

"Ule uchungu wako na nchi hii. Ulikuanza lini?"

Mheshimiwa akalegea kitini. Hili alilijua. "Mwaka wa ishirini na mbili sasa."

"Unatoka damu?"

"Hautoki."

"Umevimba mahali?"

"Mama, uchungu wangu uko ndani." Akaweka mkono kifuani, na msaidizi akaisogeza leso.

"Unakuacha ulale?"

"Hauniachi," akasema Mheshimiwa kwa ile sauti ya redioni. "Hauniachi hata usiku mmoja."

"Pole, baba," akasema Bi. Mwasiti. "Sisi tulikuamini. Hatukukupiga picha. Hakuna aliyekwambia uulete mezani, hakuna aliyekwambia ni uzee, au ni baridi ya sakafu. Ulisema tu unaumia, tukakupa kura na gari. Mimi sitaki gari. Nataka kulala."

Katibu aliacha kuandika. Mwanasheria wa Kamati aliinama, akanong'ona kwenye sikio la Mheshimiwa, na kwa kuwa kipaza sauti kilikuwa hakijazimwa, ukumbi mzima ulisikia. Kwamba ikipita leo kuwa maumivu yasiyoonekana hayapo, basi kesho mpinzani yeyote anaweza kwenda mahakamani kudai kwamba uchungu wa Mheshimiwa nao haupo, na bila uchungu hakuna kiti.

Uamuzi ulipatikana kwa dakika kumi na moja, ambao ni mwendo wa kasi kuliko wote katika historia ya kamati za nchi ile. Maumivu ya muda mrefu yalitambuliwa kuwa ugonjwa kamili, "yawe ya mgongo, ya kichwa, ya viungo au ya uzalendo". Lakini heshima ya taifa nayo ililindwa. Neno mbaya halitaingia katika daftari. Mwananchi atajibu kwanza nzuri, kama alivyolelewa, na karani atatakiwa kusubiri kidogo kabla ya kugonga muhuri. Itachorwa safu ya nne. Itaitwa Nzuri, Lakini.

*

Asubuhi ya kwanza ya safu ya nne, Bi. Mwasiti alikuwa mbele ya foleni. Bi. Kidawa alimsindikiza, akiwa na vitumbua kwenye kapu kwa tahadhari.

"Habari za asubuhi, mama?"

"Nzuri, baba."

Bwana Chande alinyanyua muhuri, kisha akaukumbuka mwongozo, akaushikilia hewani. Kwa miaka thelathini na mmoja hakuwahi kusikia sentensi inaishaje.

"Lakini naumwa mgongo, mwaka wa tisa huu, na mguu wa kushoto, na silali."

Aliandika yote. Aliandika kwa mwandiko mzuri, akaweka hata nukta. Bi. Mwasiti alipokea karatasi yake, lakini hakuondoka. Alilitazama bango juu ya kichwa cha karani, akaliacha lilivyo.

"Na wewe, mwanangu? Habari za dirishani?"

Bwana Chande alitazama kushoto na kulia. "Nzuri," akasema. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umeshika ukingo wa meza, na sasa foleni nzima iliuona jinsi ulivyoshika. "Lakini miguu, mama. Kuanzia magotini. Toka mwaka ule walipoondoa kiti."

Akachovya kalamu akajiandika namba mbili.

Kufikia adhuhuri daftari lilikuwa limejaa. Watu walirudi waliokwisha kutibiwa kwa macho zamani: wenye vichwa vinavyogonga tangu utotoni, wanawake wenye matumbo ambayo waliambiwa yataisha wakiolewa, kisha yataisha wakizaa, kisha yataisha wakikoma hedhi. Mwalimu mmoja alikuja na mkono uliokatwa zamani ambao kiganja chake bado kilimuuma, na Bwana Chande akauandika bila kuuliza kiganja kiko wapi. Katika wiki moja nchi ile ilishuka kutoka ya kwanza duniani kwa afya hadi ya mwisho. Mheshimiwa Gambalela alitangaza redioni kwamba kumezuka mlipuko wa ugonjwa wa lakini, akawataka wananchi wanawe mikono na kuepuka kuulizana habari kwa undani. Alimaliza kwa kusema ana uchungu. Jembe nalo liliwasili kutoka Wizara ya Kilimo, likapewa namba ya kielelezo.

Ufunguo wa kliniki ulitafutwa wiki tatu. Ulikutwa kwenye mlango wenyewe, upande wa ndani, jambo ambalo kamati nyingine inalichunguza.

*

Daktari Lukindo hakumdanganya. Bi. Mwasiti alipouliza kama yataisha, alisema pengine yasiishe yote. "Mgeni wa miaka tisa hafukuzwi kwa siku moja, mama. Tutaanza kwa kumtoa kitandani, tumkalishe barazani."

Alipewa kidonge kidogo cha jioni, ambacho kazi yake ilikuwa kumnyamazisha yule mjumbe. Alifundishwa kujinyoosha, kupumua, kugawa kazi: nusu saa ya kushona, dakika chache za kusimama. Alifundishwa kutembea hadi kisimani na kurudi, na kila siku kuongeza hatua ishirini. Mwanzoni alirudi amekunja uso, na Bi. Kidawa, aliyekuwa akihesabu hatua kwa sauti ili mtaa wote usikie, alimwambia kobe mjamzito angekwisha kufika. Mwezi wa kwanza haukubadilisha kitu. Mwezi wa pili alilala ubavu kwa saa moja. Siku fulani ya mwezi wa tatu aliweka kichwa kwenye mto saa nne usiku, na alipofumbua macho kulikuwa kumekucha, na godoro lilikuwa na umbo lake.

Alikaa kitako akalitazama lile umbo. Kiuno kiliuma, mjumbe alikuwa hapo, lakini kama mtu anayebisha hodi nyumba ya tatu. Alikitazama kiti cha mbao. Kisha akaoga, akavaa, akaenda kliniki kama ilivyopangwa.

Dirishani, Bwana Chande alikuwa ameketi. Kiti chake kilikuwa bado na lebo ya stoo.

"Habari za asubuhi, Bi. Mwasiti?"

Mdomo wake ulifunguka kusema nzuri, kama ulivyofundishwa. Akauzuia. Haikuwa nzuri hivyo. Haikuwa mbaya tena. Alisimama akalitafuta neno, na foleni ikasubiri, maana siku hizi foleni ilikuwa imejifunza kusubiri.

"Afadhali," akasema.

Bwana Chande alipitisha kidole juu ya safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Hakumwita Mkuu wa Kitengo. Hakumwita Mwanasheria. Alifungua droo, akatoa rula na wino mwekundu, na mbele ya watu wote akaanza kuchora mstari.